Mama Mkwe na Pikipiki ya Sebuleni

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimeamka nimechoka. Nimeisugua pikipiki kabla hata sijapiga mswaki. Wadudu wa ziwani walikuwa wameganda kwenye taa tangu jana. Hawatoki kwa maji, wanatoka kwa kucha. Halafu kromu. Halafu spoku, mojamoja. Mgongo umegoma kunyooka.

Lakini ilivyowaka! Nimeteremka nayo kutoka Buswelu kwenda mjini, miguu mbele, nimeegemea kama bwana harusi. Vikombe vya mama wa chai vilitetemeka. Watoto wa shule walinipungia. Raha ikadumu mpaka kwenye mataa, ilipozimika na kukataa kuwaka tena. Nimefungua duka langu la miwani saa tano, shati limelowa.

Jioni mke wangu Kokulinda ametangaza kwamba mama yake anawasili Ijumaa kwa meli kutoka Bukoba. Pikipiki itoke sebuleni. Nikamkumbusha habari za wezi. Akasema wezi wakijaribu kuibeba watateguka viuno.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepata wazo! Tatizo si pikipiki, tatizo ni inavyoonekana. Nimeisogeza ukutani na kuifunika kwa vile vitambaa vya kufuma vya Kokulinda. Kimoja kwenye tenki, viwili kwenye kiti, kimoja kwenye kila kioo. Juu ya kiti, chombo cha maua. Mtu asiyejua angesema ni kabati.

Kokulinda anajua. Ameuliza kabati gani linadondosha oili. Nikamwonyesha kwamba oili haigusi zulia hata kidogo, nimeikingia sufuria. Akaitazama sufuria. Ilikuwa ya ugali.

Nimekula mkate.

Alhamisi, 7 Agosti

Imenibidi kwenda na pikipiki kwa Shimba. Ni jirani yetu, mnunuzi wa mpunga kutoka Magu, mwili kama mlango wa ghala, na ghala lenyewe analo, lina kufuli mbili. Simpendi. Tangu nimenunua pikipiki haachi kuniuliza inatoa lita ngapi za maziwa. Yeye anaendesha guta la matairi matatu, limejaa pumba, na linawaka kila siku. Hiyo nayo inaudhi.

Nimemwomba anihifadhie pikipiki wiki mbili. Akakubali papo hapo, ila na yeye aiendeshe mara moja tu, aone ikoje. Nikamweleza kwa heshima kwamba chombo hiki kina mwenyewe, kimeshamzoea. Akasema basi nikae nacho.

Kuigeuza pale getini kwake, mguu ukateleza kwenye changarawe. Ikalala. Polepole, kama ng'ombe aliyeshiba. Nikavuta usukani. Nikasukuma kwa bega. Wapi! Shimba akaja, akainama kama anayeokota gunia, akaisimamisha peke yake. Akajipangusa viganja, akarudi ndani. Afadhali angenicheka.

Imerudi sebuleni.

Ijumaa, 8 Agosti. Nanenane, duka nimefunga.

Mama mkwe amefika. Jina lake Josepha, mjane, mnyoofu kama mwiko, aliyekuwa katekista maisha yake yote. Nimempokea bandarini kwa teksi, nikamwamkia nikiwa nimesimama mbali kama inavyopasa kwetu. Kagera mtu hamsogelei mama mkwe wake. Hata sahani humwekei mkononi.

Pikipiki niliifunika shuka la bluu. Kokulinda hakuwa amenisemesha tangu asubuhi.

Mama akakaa. Akanywa chai. Akalitazama shuka. Kisha akainuka na kulifunua.

Nilijua nimekwisha.

"Jamani!" akasema. "Ponsian, kumbe una kitu kama hiki unanificha?"

Akaizunguka. Akapapasa tenki. Akasimulia jinsi padre mmoja, zamani, alivyokuwa akimpakia nyuma ya pikipiki kwenda kufundisha dini kwenye vigango vya mbali vijijini, na jinsi alivyoililia pikipiki ile ilipouzwa. Jumapili, amesema, ataenda misani na hii. Nikamgeukia Kokulinda. Ushindi! Nikajibu kwamba itakuwa heshima kubwa kwangu.

Mama akanikazia macho.

"Kwako wewe? Wewe si mkwe wangu? Nikushike kiuno mbele ya waumini? Tafuta mwanamume mwingine wa kuendesha."

Jumamosi, 9 Agosti

Siku ya mateso. Nimebadilisha plagi. Nimesafisha kabureta kwa mswaki wangu. Nimechubuka vidole vitatu, lakini imewaka.

Nimempendekezea Kokulinda kwamba tufunge mto mkubwa katikati yangu na mama. Amesema mto si mpaka.

Nimemwita Kashindye, dereva wa bodaboda pale kona. Kijana mzuri, lakini alipokaa miguu yake ilielea hewani. Nimejaribu kwa Jonathan wa kwaya, ana miguu mirefu. Alipiga gia, akaruka nayo kidogo, akashuka, akasema ana mke na watoto.

Mama amekwisha kupiga pasi gauni lake la gomesi la kijani. Ameazima miwani ya jua kutoka dukani kwangu. Kokulinda amenifuata jikoni, akasema kwa sauti ya chini kwamba tangu baba yake afariki hajamwona mama yake akicheka hivi, na kwamba nikimwangusha kwa sababu ya kiburi, yeye hatasahau.

Nimeenda kwa Shimba. Alikuwa mlangoni, kama aliyekuwa ananisubiri.

Jumapili, 10 Agosti

Naandika nimelala kifudifudi.

Shimba alikuja na suti. Suti! Akamwamkia mama shikamoo, akamshika mkono, akampandisha. Pikipiki yangu, ambayo mimi huibembeleza dakika nzima, ikawaka mara moja. Ilimwitikia! Wakaondoka taratibu, gomesi inapepea, mama kanyooka, miwani ya jua usoni. Mama wa chai alipiga vigelegele.

Mimi nilifuata na guta la Shimba, ambalo kiti chake ni ubao mtupu. Kokulinda nyuma, juu ya gunia, na mwavuli. Pale kanisani mzee mmoja aliniuliza pumba nauzaje.

Baada ya misa nikasubiri. Hawakutokea. Shimba akapiga simu: mama alitaka kuliona daraja la Kigongo, kwa hiyo wako Kigongo. Nikawaza bolti zote ambazo sikuzikaza. Nikakaa kwenye guta juani. Kokulinda akaja kukaa kando yangu. Akanifunika kwa mwavuli wake. Hakuondoka.

Wakarudi alasiri na sato wa kukaanga. Mama machozi yanamtoka kwa upepo na kicheko. Akasema wamepita juu ya maji mpaka Busisi na kurudi, akamwomba dereva apige honi katikati, na dereva akapiga. Akanishukuru mimi, kwa mbali, mikono kifuani. Alisema nimemrudishia ujana.

Nikaenda kufuta vumbi kwenye kromu.

Jumatano, 13 Agosti

Pikipiki iko ghalani kwa Shimba, nyuma ya kufuli mbili. Nimekubali mwenyewe. Ataiendesha Jumapili tu, akiwa na mama, mpaka mama aondoke. Kokulinda ameosha zulia. Jana tulikunywa chai sebuleni sote watatu, mimi karibu na mlango, na miguu yangu ikapata pa kunyooka. Kokulinda alinitabasamia. Ameniahidisha kwamba pikipiki haitaingia tena ndani ya nyumba hii. Nimeahidi kwa moyo mmoja. Mtu unafika umri unachoka.

Leo mteja mmoja dukani, wakati nampima macho, amenieleza kwamba kuna mtu Magu anauza nyingine kama yangu kabisa, mwaka uleule, rangi nyekundu, kwa ajili ya spea. Haina injini.

Nimefikiri mchana kutwa. Isiyo na injini si pikipiki. Ni vyuma tu. Na kuhusu vyuma Kokulinda hakusema neno.

Nimepima ukuta wa sebule. Inaenea.