Ombi la Kurudishiwa Kompyuta Zetu Mbovu

Kwa Meneja Mkuu,
Ofisi Kuu, ghorofa ya juu kabisa.

Ndugu Meneja Mkuu,

YAH: KURUDISHIWA KOMPYUTA MBOVU ZA TAWI LETU

Nakusalimu kwa heshima zote, na natumaini barua hii imekukuta umekaa, kwa sababu yaliyomo si ya kusomwa mtu amesimama.

Mimi ni karani wa kaunta katika tawi lako la nyuma ya kituo cha mabasi, lile lenye sofa nyekundu dirishani. Pengine sura yangu huikumbuki, lakini sauti unaijua. Ulipotutembelea baada ya kampuni kuunganishwa, ulimwuliza dereva wako, "Nani huyo anayetangaza kifo cha mashine ya kufulia?" Ndiye mimi.

Naandika kulalamikia mfumo mpya wa kompyuta. Umefanya kazi wiki nzima bila kukwama hata mara moja, na hali hiyo haivumiliki tena.

Ili tuelewane, niruhusu nikukumbushe tulikotoka. Kampuni mbili zilizokuwa zikinyang'anyana wateja wa kukodi friji, vitanda, feni na sofa zilipoungana, kila moja ilikuja na kompyuta yake, kama wake wenza na sufuria zao. Sisi wa sare ya kijani tulikuja na mfumo ambao kampuni yetu iliununua kwa bei poa kutoka zahanati iliyofungwa. Ni mfumo mzuri, ila hakuna aliyewahi kuuambia kwamba friji si mgonjwa. Mteja akirudisha friji, naandika jina la mgonjwa: Friji. Dalili: hagandishi, anavuja usiku. Kisha nachagua moja kati ya matatu: amelazwa, ameruhusiwa, amefariki. La nne hakuna.

Wenzetu wa sare ya buluu walikuja na mfumo unaojua kukodisha tu, kupokea haujui. Mtu akirudisha kitanda, inabidi kampuni ijikodishie yenyewe. Tena ukisahau mkato mmoja, unaukataa mstari wote na kuanza kulia. Ndiyo maana karani aliyekuja nao, ambaye nilipangwa naye kaunta moja, husoma kila kitu kwa sauti pamoja na alama zake: "Kitanda, mkato, futi tano kwa sita, mkato, bila godoro, nukta." Wateja wakamwita Bwana Mkato, na jina likamkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake.

Sasa kwa kuwa mifumo hiyo miwili haikuwa ikisemezana, tukawa tunasemezana sisi. Mimi namsomea ugonjwa, yeye ananisomea mikato, namsahihisha, ananikatalia, tunarudia, na hatimaye mteja anapata kitanda chake. Tumeishi hivyo mpaka waraka wako ulipokuja kutuambia kwamba mfumo mpya unahitaji karani mmoja tu, na kwamba mwisho wa mwezi huu Bwana Mkato atahamishiwa tawi la ng'ambo ya reli. Hilo ndilo lililonifanya nikae chini niandike. Yaani, hilo pamoja na sababu za kitaalamu zifuatazo:

1. Mfumo mpya una haraka isiyo na adabu. Unakimulika kile kibandiko cha mistari, mashine inasema "tii", basi, habari imekwisha. Juzi fundi cherehani mmoja, mteja wetu wa miaka mingi, alirudisha feni yake, na baada ya "tii" akabaki amesimama. Nikamwambia tumemaliza. Akasema, "Mbona hujaniuliza habari za nyumbani?" Na kweli sikuwa nimemwuliza, mashine haikunipa nafasi. Alitoka huku anageuka nyuma, na nina hakika mpaka leo anadhani tumemnunia. Haraka haraka haina baraka, Ndugu Meneja, na hii ya kwenu haina hata salamu.

2. Mfumo mpya hauna huruma. Kuhusu chombo unajua maneno mawili tu, kizima na kibovu. Wewe ni mtu mzima, unajua kwamba wengi wetu tunaishi katikati ya hayo mawili. Tunayo sofa moja ya kahawia ambayo si mbovu, imechoka tu upande wa kushoto. Mimi nilikuwa namlaza ghalani kila akirudi, akapumzika, akatoka ana nafuu. Mfumo mpya ulimtoa siku hiyo hiyo aliyorudi, tena kwa nyumba yenye watoto pacha.

Na chombo kikifa ndiyo balaa. Zamani mashine ya kufulia ikifika mwisho wake nilikuwa nasoma kwa sauti, "Amefariki," Bwana Mkato anaitikia, "Amefariki, mkato," na watu wote kwenye benchi la wateja wanampa mwenye mashine pole. Mtu aliyepewa pole hagombi. Anakaa, anafuta jasho, anachagua mashine nyingine kwa moyo mweupe. Siku hizi kioo kinaandika HITILAFU kwa herufi nyekundu, na mteja ananifokea mimi kana kwamba nimemuulia mimi.

3. Hili la benchi naomba ulisome taratibu. Waraka wako unasema kwa fahari kwamba benchi litaondolewa kwa kuwa hakuna mtu atakayesubiri tena. Kwanza, watu walikuwa wanakuja kusubiri makusudi. Wapo waliokuwa wanapita tu kwenda sokoni, wanaingia, wanauliza, "Leo nani kalazwa?" Pili, sikiliza kisa hiki.

Walikuja mume na mke kurudisha kitanda. Walikuwa wanaachana, na walitutahadharisha mapema kwamba hawataki maswali. Mume alikaa mwisho huu wa benchi, mke mwisho ule, katikati wakauweka mto. Nikaandika: Mgonjwa, Kitanda. Mfumo wangu haupiti bila dalili, kwa hiyo ikanibidi niulize kinaumwa nini. Mke akasema, "Kinapiga kelele." Mume akasema, "Mwongo. Mimi sijawahi kukisikia." Mke akamjibu, "Utasikiaje? Mimi nalia juu yake, wewe unakoroma." Bwana Mkato, ambaye kwake kazi ni kazi, akasoma kama nilivyoandika: "Mgonjwa, kitanda, mkato, dalili, mke analia, mkato, mume hasikii, nukta." Mashine yake ikagoma hapo hapo. Akasoma upya. Ikagoma. Akasoma tena, "mke analia, mkato, mume hasikii," taratibu na kwa sauti kubwa, maana mashine ile ukiiharakisha ndiyo unaiudhi. Sijui alirudia mara ngapi. Nilipoinua macho, mume alikuwa ameshahamia upande ule wa benchi, mto ameupakata, anasema, "Basi, mama, nimesikia." Waliondoka na kitanda kile kile na wakaongeza kabati.

Mfumo mpya ungewaachanisha kwa "tii" moja. Nauliza kwa unyenyekevu: wataalamu wako wa mifumo, waliokaa hapa siku mbili wakinywa maji ya chupa, hilo nalo walilipima?

4. Afya yangu imedhoofika. Tangu kompyuta zetu zifunikwe shuka kule ghalani, Bwana Mkato anakaa upande wake wa kaunta hana cha kusoma. Anapanga kalamu. Anazipangua. Asubuhi ananiambia, "Hujambo, mkato," kisha anakumbuka na kunyamaza, na mimi nashindwa kujua nimjibu au nimwachie. Sauti yangu imeanza kukauka kwa kukosa matumizi.

Mama yangu, ambaye naishi naye, kila jioni huniuliza kabla sijavua viatu, "Haya, leo Bwana Mkato kasemaje?" Wiki hii kila siku nimemjibu kwamba hajasema kitu, mpaka mama ameanza kunishika paji la uso. Jana akanitazama sana, akasema, "Mwanangu, hiyo si homa ya kompyuta." Lakini mama ni mtu wa zamani, teknolojia haielewi.

5. Bwana Mkato ni sehemu ya mfumo. Wataalamu wako waliandika kwenye ripoti kwamba kompyuta zetu mbili "hazikuwa na kiunganishi". Wamepotoka. Kiunganishi kilikuwepo muda wote. Kinavaa miwani, kinakunywa chai bila sukari, na kikicheka kinafunika mdomo kwa kiganja kana kwamba kucheka ni siri ya kampuni. Kidole kimoja hakivunji chawa, na karani mmoja hawezi kupokea kitanda akakipokea vizuri. Nimejaribu kuiwazia kaunta ile yeye hayupo, nikajiuliza sasa friji likifa nitamwambia nani. Mteja? Mteja ndiye mfiwa!

Nisamehe, hapo nimetoka kidogo nje ya utaalamu. Ukweli ni kwamba akiondoka nitaumia, Ndugu Meneja. Nitaumia sana, na katika mfumo wako mpya sikuona mahali pa kuliandika hilo.

Kwa sababu hizo zote naomba mfumo mpya ung'olewe, na kompyuta zetu zirudishwe zikiwa na ubovu wake wote. Usiache mbachao kwa msala upitao. Ikishindikana kuung'oa, basi wataalamu waufundishe kukwama, japo asubuhi tu, kabla ya chai.

Na ikiwa hilo nalo haliwezekani, ninalo ombi la mwisho, ambalo nimelifikiria nikiwa na akili zangu timamu. Kampuni hii kazi yake ni kukodisha. Chombo chochote chake anaweza kukikodi mtu yeyote mwenye kitambulisho na mdhamini. Nimeshathibitisha katika namba tano hapo juu kwamba Bwana Mkato ni chombo cha kampuni. Kwa hiyo naomba kumkodi.

Maelezo ni haya. Chombo: karani, mmoja. Hali: kimetumika lakini kizima, kina upara kidogo kwa nyuma usiozuia matumizi. Muda: usio na kikomo. Mdhamini: mama yangu mzazi. Naahidi, kama yanavyosema masharti yaliyo nyuma ya mkataba wetu, kukitunza, kutokiacha juani wala mvuani, kutokifungua kwa bisibisi, na kutokikodisha kwa mtu mwingine kwa namna yoyote ile. Hilo la mwisho nalisisitiza.

Nisalimie familia yako yote, wakubwa kwa wadogo. Msalimie katibu muhtasi wako, ambaye najua ndiye atakayeifungua barua hii kwanza (dada, usicheke, ipeleke ndani). Wasalimie dereva, walinzi wa getini na mama anayefagia ngazi. Wataalamu wa mifumo nao wape salamu, sina kinyongo nao, walitumwa tu. Mama yangu anakusalimu pia, na anasema wewe fikiria vizuri, yeye atakuombea.

Nabaki mtumishi wako mwaminifu kwa kijani na kwa buluu,

Karani wa Kaunta,
Tawi la Nyuma ya Kituo.

Nyongeza: Ndugu Meneja, subiri kwanza. Nilibonyeza kuchapisha barua hii nikasahau kwamba printa iko upande wa kaunta wa Bwana Mkato. Nilipogeuka alikuwa ameshaiokota, na mtu aliyezoea kusoma kwa sauti, kusoma kimoyomoyo hawezi. Akaanza: "Ndugu Meneja Mkuu, mkato." Benchi limejaa. Mimi nikakimbilia nyuma ya friji la maonyesho nikachuchumaa huko, nikiomba ardhi ipasuke. Akasoma yote. Kisa cha kitanda kikapigiwa makofi. Alipofika namba tano mikato ikaanza kumponyoka, na alipofika kwenye ombi la kukodi hakusoma hata mmoja. Alisoma moja kwa moja mpaka pumzi zikamwishia.

Kisha akanifuata nyuma ya friji. Akavua miwani, akasema, "Mimi kukodiwa sikubali. Kitu cha kukodi kina siku ya kurudishwa." Nikamwuliza, sasa anataka nini. Akasema anataka kuja nyumbani Jumamosi kuzungumza na mama, kama mimi nimeridhia. Nikamwambia nimeridhia. Nilimwambia kwa ile sauti yangu, kwa hiyo kituo kizima cha mabasi kimeridhia pia. Watu wa benchi walipiga kelele mpaka mlinzi akaingia na rungu.

Kwa hiyo yafute yote, kuanzia namba moja mpaka tano, na lile la kukodi usilionyeshe mtu. Nimekumbushwa kwamba kanuni zako haziruhusu mume na mke kukaa kaunta moja, basi mhamisheni haraka huko ng'ambo ya reli, hata kesho, asije mtu akabadili mawazo. Na mfumo mpya nakuomba sana msiuguse. Unamaliza kazi mapema, na mimi sasa nina mtu wa kumuwahi nyumbani.