Riungu Apima Ubongo Kiritiri

Wewe uliyepita soko la Kiritiri ukijifanya unasoma simu, ulimwona. Uliona kofia ya kuogelea yenye nyaya za redio mbovu ikivishwa vichwa vya wakulima, ukageuza uso. Hayakuhusu, sivyo?

Riungu alitoka Meru kwa pikipiki, na koti jeupe aliloazima kwenye buchari. Alikuwa amesikia kwamba wakulima wa muguka, lile jani la kutafuna, hawana amani: wakubwa wanataka jani lipigwe marufuku, eti linaharibu akili. Watu wenye hofu! Riungu akaona mavuno.

"Mama," alimwambia Peninah, mkulima mmoja pale sokoni, "mtu anatafuna, anasikilizishwa milio, ubongo unajibu kwa umeme, kompyuta inachora. Nikionyesha jani lenu halina shida, nani atalikataza? Nipe tu haya magunia, ni ya sampuli."

Sayansi hiyo ipo kweli. Kinachoudhi ni kwamba wenye mitambo halisi hawajawahi kukanyaga hapa. Waliofika ni wenye marufuku, na sasa huyu bwana wa kofia.

Peninah alitazama magunia: mavuno yake yote. Muguka usipouzwa leo, kesho ni chakula cha mbuzi.

"Sawa, daktari. Lakini kwanza jipime wewe, tuone."

Riungu akacheka. Mtu aliyekulia kwenye miraa atishwe na vijani vya huku Mbeere? Akavaa kofia, akajaza shavu vile anavyojaza kwao. Maskini. Miraa unaibandua ganda polepole. Muguka ni jani tupu, na ukikupanda kichwani, mdomo haufungiki tena.

Ukampanda.

"Daktari," akauliza Njuki, jirani ya Peninah, "hizi waya zinaenda wapi?"

"Haziendi popote! Ni za redio ya shemeji! Na mnunuzi wa magunia ananingoja Embu! Kule Kanja nilipima walevi, wakanipa mbuzi, nikamla!"

"Aki daktari, endelea," akasema Peninah kwa heshima zote. "Na funguo ya pikipiki yako?"

Riungu akampa Njuki, pamoja na maelezo marefu ya jinsi ya kuiwasha. Magunia yakapelekwa kwa mteja wa Peninah, mafuta yakiwa ya Riungu. Yeye akabaki na kofia kichwani, akiwahutubia mbuzi.

Mmecheka? Haya. Jani bado halijapimwa, na marufuku bado inaandikwa. Inuka sasa hivi, nenda kwa mwakilishi wako wa wadi, mwulize mtambo wa kweli unakuja lini. Akikwambia urudi kesho, kaa kwenye kiti chake.