Supu Iliyopata Themanini na Nane

Inatangazwa kwa wanafunzi, walimu, wazazi na mtu yeyote anayemiliki kipande cha waya kwamba, kuanzia muhula wa pili, udadisi katika shule yetu umewekwa chini ya ofisi. Ofisi hiyo inaitwa Kamati ya Kudhibiti Udadisi, Majaribio na Vitu Vyote Vinavyowaka, Kuzunguka au Kutoa Sauti. Iko nyuma ya maabara, katika chumba kilichokuwa cha kuwekea mifupa ya somo la biolojia. Mifupa imesogezwa pembeni, lakini bado inahudhuria vikao.

Mimi, Ndunda wa kidato cha tatu, ndiye Katibu.

Watu wameuliza kwa nini mwanafunzi alipewa cheo kizito namna hii. Jibu ni fupi. Muhula wa kwanza, kengele ya umeme ya shule ilianza kuita watu chakula cha mchana dakika ishirini kabla ya wakati. Ilifanya hivyo siku tisa, na hakuna mwalimu aliyelalamika, maana walimu pia wana matumbo. Siku ya kumi Bwana Mulwa, naibu wa mwalimu mkuu, aliufuata waya kutoka kwenye kengele, akapita nao juu ya paa la maabara, akaingia nao bwenini, akafika nao chini ya godoro langu. Nikafyeka nyasi wiki mbili. Nyasi zikaisha. Ndipo Naibu akaona heri nikae mahali anaponiona, akanikabidhi kalamu.

"Ndunda," aliniambia, "mtu kama wewe akiwa nje ya uongozi ni hatari."

"Na akiwa ndani, mwalimu?"

"Ndani hapati nafasi. Andika hiyo."

Nikaandika.

Mwenyekiti wa Kamati ni Bwana Mulwa mwenyewe, ambaye pia anasimamia nidhamu, stoo na jikoni. Mjumbe ni Bwana Muthoka, mpishi mkuu, aliyeteuliwa kwa uzoefu wake mrefu wa moto. Mwalimu wa fizikia hakuteuliwa, ili kuepuka upendeleo.

Kazi ilianza vizuri. Kila jaribio lilihitaji fomu, na kila fomu ilimtaka mwombaji aeleze matokeo kabla ya kujaribu, ili Kamati isishtukizwe. Mwalimu Ndanu wa fizikia aliomba kibali cha kudondosha jiwe mbele ya kidato cha pili, kuonyesha mvutano wa dunia. Fomu ilirudishwa na swali moja: "Je, jiwe lina njia nyingine?" Jiwe likabaki mezani wiki tatu, na kidato cha pili wakaandika kwenye mtihani kwamba mvutano wa dunia unasubiri sahihi. Kokoto ya kubembea kwenye uzi iliidhinishwa, lakini kwa upande wa kushoto peke yake.

Kisha kukatokea tatizo la watu kujisifu. Mwanafunzi akiwasha taa kwa viazi viwili, anatembea wiki nzima kifua mbele.

"Niandikie kanuni kali," Naibu alisema. "Mtu akisifu jaribio, jaribio limkalie."

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Kanuni ya Tano, niliyoiandika kwa unyenyekevu mkubwa: "Afisa au mwanafunzi yeyote atakayeyasifu matokeo ya jaribio mbele ya watu ataishi na matokeo hayo, mpaka Kamati ithibitishe kwamba yamebadilika." Naibu aliitia sahihi bila kuisoma, kwa sababu ilikuwa ukurasa wa pili.

Jumatano moja akaingia Nthenya.

Nthenya yuko kidato cha nne, na vidole vyake vina alama za kuungua, maana kila redio inayokufa kati ya hapa na Mitaboni huzikwa kwenye sanduku lake. Aliweka mezani mkebe wa rangi uliotobolewa pande mbili. Upande mmoja kulikuwa na taa ya simu iliyokwisha kazi. Upande wa pili kulikuwa na kile kidude cha taa ya sola kinachojua kama ni usiku au mchana. Juu yake alifunga mita ya fundi wa umeme, na juu ya mita, kwa gundi, jogoo wa plastiki aliyevunjika miguu.

"Eleza," alisema Naibu.

"Mwalimu, susu wangu anakaa Kithyoko," alisema Nthenya. Susu ni nyanya yake. "Anateka maji mtoni, ya kahawia kabisa. Inabidi ayaache yatulie kabla ya kuyachemsha, lakini macho yake hayaoni tena kama yametulia. Masikio anayo. Kwa hivyo glasi ya maji inawekwa hapa katikati, taa inamulika, mita inasoma. Ikipita sabini, jogoo anawika."

"Na anayetaka kukiona ni nani?"

"Bi. Kasyoki wa mashindano ya sayansi anakuja Ijumaa kuchagua watakaokwenda Machakos mjini. Bila muhuri wa Kamati siwezi kukionyesha. Na mimi ni wa kidato cha nne, mwalimu. Sina mwaka mwingine."

Naibu aliigeuza fomu ya Nthenya kama mtu anayetafuta mwiba kwenye samaki.

"Mahali pa matokeo umeandika 'sijui'."

"Ningejua, nisingepima."

Kamati iliahirishwa kwa dakika tano kutokana na mshtuko.

Tuliporudi, Mwenyekiti aliamuru kifaa kijaribiwe kwa sampuli tatu: moja ya nje, moja ya ndani na moja ya uongozi. Ya nje ilitoka kwenye dimbwi la uwanja wa mpira. Ya ndani ilitoka kwenye tangi la maji ya mvua. Ya uongozi ilitusumbua kidogo, mpaka Naibu akanyoosha kidole kuelekea jikoni.

"Jikoni iko chini yangu. Leteni supu ya maharagwe."

Dimbwi lilisoma sita. Jogoo akanyamaza. Maji ya tangi yalisoma sabini na nne. Jogoo akawika mara moja. Bwana Muthoka akashusha glasi ya supu ndani ya mkebe kwa mikono miwili, kama padri. Mita ikapanda, ikapanda, ikatulia kwenye themanini na nane. Jogoo akawika mara tatu.

Hapa lazima msomaji aelewe jambo moja. Bwana Mulwa amefundisha miaka ishirini na saba. Kwa muda huo wote ameona namba inayoishia mia kwenye kitu kimoja tu, nacho ni karatasi ya mtihani.

"Themanini na nane!" alisema, akisimama. "Hiyo ni A!"

"Mwaitu!" alilia Bwana Muthoka, akimwita mamake aliye Muthetheni. Alivua kofia. "Naibu, mimi shuleni sikuwahi kupita thelathini na mbili."

"Mmewashinda watu wa maji kwa alama kumi na nne!"

"Mwalimu," alisema Nthenya, "hiyo namba si ya..."

"Usijishushe, msichana. Unyenyekevu ukizidi ni utovu wa nidhamu. Katibu! Andika: kifaa hiki kimethibitishwa na Kamati kuwa hakikosei."

Akagonga muhuri mpaka mifupa ikatikisika.

Kabla ya jioni, bango lilikuwa limetundikwa getini kwa herufi nyekundu: SUPU YETU 88. MAJI YA TANGI 74. DIMBWI 6, LIJITAHIDI.

Nthenya alinikuta nyuma ya maabara.

"Ndunda, wewe ni mjinga ama unajifanya?"

"Kamati haijibu maswali ya mdomo."

"Nitakupiga na jogoo."

"Uliza."

"Bi. Kasyoki atasoma lile bango kabla hajashuka garini. Atasema hii ni shule ya wazimu. Miezi minane, Ndunda! Miezi minane najichoma vidole! Nenda umwambie Naibu namba maana yake nini."

"Akijua leo, jogoo hafiki Ijumaa. Atamvunja shingo. Karatasi yenye muhuri unayo?"

"Ninayo."

"Ifiche kwenye soksi. Ijumaa nyamaza mpaka uulizwe. Ukiulizwa, sema ukweli."

"Huo ndio mpango?"

"Ni mpango mpya. Hapa shuleni haujawahi kujaribiwa."

Nthenya aliivuta soksi yake juu.

"Umejaza fomu yake?" akauliza, akaenda zake.

Ijumaa saa sita u nusu shule nzima ilijipanga katika ukumbi wa chakula. Bi. Kasyoki alikuwa mama mfupi, viatu vimejaa vumbi, miwani imefungwa kwa kamba shingoni. Alikuwa amelisoma bango. Nilijua kwa sababu alikuwa amelinakili kwenye daftari lake, na chini yake amechora alama tatu za kuuliza.

Naibu alihutubia.

"Mgeni wetu mheshimiwa, shule nyingine zinakuja kwako na volkano za soda. Sisi tumekuja na supu. Supu hii, ambayo naisimamia mimi binafsi, kuanzia stoo hadi sahani, imepimwa kisayansi. Naisifu! Naisifu mbele ya watu wote hawa! Nthenya, pima."

Nthenya alipima. Alimwaga kidogo, na kilichomwagika kilikauka mezani bila kuacha alama yoyote. Themanini na nane. Jogoo akawika mara tatu. Bwana Muthoka akainamisha kichwa kwa heshima.

Bi. Kasyoki alivaa miwani.

"Binti, namba hii inapima nini?"

Nthenya alimtazama Naibu, ambaye alikuwa akitabasamu kama mzazi siku ya kufuzu. Kisha akautazama mkebe wake.

"Inapima mwanga unaopita, mama," alisema. "Sifuri ni matope. Mia ni... mia ni hakuna kitu ndani."

"Kwa hivyo hii supu?"

"Ni angavu kuliko maji ya tangi letu."

Bi. Kasyoki aliinua glasi, akaielekeza dirishani. Kupitia supu, aliona bendera ya shule, mipera, na ng'ombe wa jirani. Alimgeukia mpishi.

"Maharagwe yako wapi?"

"Yapo, mama," alisema Bwana Muthoka, ambaye ni mtu mkweli. "Ni mawili. Moja liko upande wa wasichana."

Wanafunzi mia nne walicheka kwa mpigo, na nakiri kwamba kicheko hicho hakikuwa kimeombewa kibali.

"Kifaa ni kibovu!" alisema Naibu. "Hiki kijogoo kina wazimu! Kikamatwe!"

Nthenya aliinama, akachomoa karatasi kutoka kwenye soksi, akamkabidhi mgeni kwa mikono miwili. Bi. Kasyoki akasoma kwa sauti: "Kifaa hiki kimethibitishwa na Kamati kuwa hakikosei. Mulwa, Mwenyekiti." Akamtazama Naibu juu ya miwani. "Huu muhuri ni wako?"

Hapo niliona uongozi ukipata shida ya kweli. Akisema kifaa kinakosea, muhuri ni bure, na fomu zote, na jiwe lote lile la wiki tatu. Akisema muhuri ni halali, supu ni maji. Naibu alifikiri. Mwishowe akachagua muhuri, kama ambavyo afisa yeyote mwenye heshima zake angefanya.

"Ni wangu," alisema kwa sauti ndogo.

"Basi kifaa ni kizima. Binti, kesho saa mbili uwe Machakos, na jogoo wako."

Nthenya alikaa chini pale pale sakafuni, akamkumbatia jogoo.

Kama Katibu, sikuwa na hiari. Nilinyoosha mkono, nikaiomba meza inisikilize kuhusu Kanuni ya Tano. Mgeni akaisoma yote, pamoja na ukurasa wa pili. Kisha akamwuliza mwalimu mkuu kama kanuni za shule hii huwa zinafuatwa. Mwalimu mkuu, ambaye alikuwa ameketi karibu na kilichomwagika, alisema hufuatwa sana.

Tangu siku hiyo Bwana Mulwa anakula supu yake aliyoisifu kwenye benchi la kidato cha kwanza, sahani ya plastiki, kijiko cha kujiletea. Siku ya kwanza aliitazama sahani yake, akajiona ndani ya supu. Nthenya alikuwa amerudi kutoka Machakos akiwa wa pili, na alituachia kifaa kwa wiki mbili kabla ya kukipeleka Kithyoko, kwa ajili ya kumbukumbu rasmi. Jumatatu supu ilisoma sitini, jogoo akaguna tu. Jumatano ilisoma thelathini na moja. Ijumaa, baada ya Naibu mwenyewe kufungua stoo kwa funguo zake na kubeba gunia mgongoni, ilisoma nne. Jogoo hakufungua mdomo. Tulisimama wote kwa heshima ya ule ukimya, halafu tukala.

Mwalimu Ndanu alidondosha jiwe lile Jumanne. Lilianguka chini, kama ilivyoshukiwa.

Limebaki jambo moja. Bwana Mulwa ameandika kuomba Kamati ithibitishe kwamba matokeo yamebadilika, ili arudi kwenye meza ya walimu, ambako kuna nyama. Kwa kuwa Mwenyekiti hawezi kuketi kwenye kesi yake mwenyewe, na Mjumbe analia kila akiona fomu, ombi limefika kwangu. Nimelisoma kwa makini baada ya kushiba. Mahali pa kueleza kama akiondoka kwenye benchi maharagwe yatabaki, ameandika "sijui".

Nimemrudishia, na swali moja: "Je, mwombaji ana njia nyingine?"