Mimi, Maurice na Mashine ya Katoni

Jumatatu, 3 Machi

Mashine imefika! Imeshushwa kwenye lori saa za mchana. Mtaa mzima wa Kabiro ulitoka kutazama, hata kinyozi wa ng'ambo ya barabara aliacha mteja na nusu ya kichwa. Dedan, mwenye kiwanda, alikataa iwashwe kabla haijaombewa. Pasta akaja. Tukafumba macho. Mimi nilifumba moja tu, la pili nilitaka kuona ni nani amesimama karibu na mashine kuliko wengine. Alikuwa Maurice Ouma.

Maurice ni mwenzangu wa meza. Kiwanda chetu kinatengeneza sabuni ya maji. Immaculate na Seline wanabandika lebo, mimi na Maurice tunapakia. Yeye anafungua katoni na kupiga selotepu chini, mimi natia chupa kumi na mbili, yeye anafunga juu. Miaka yote tuliyofanya kazi pamoja hatujawahi kugombana, isipokuwa mambo ya mpira, na hayo hayahesabiki.

Baada ya amina Dedan akatangaza kwamba meza yetu inaondolewa. Mashine ndiyo itakayopakia. Inahitaji mtu mmoja wa kuiendesha. Mmoja! Maurice akanikonyeza na kuniambia, "Usijali omera, ndugu yangu, tutaona vile itaenda." Nikamwambia kweli, tutaona. Moyoni nilikuwa nimeshaanza kuona.

Jumanne, 4 Machi

Fundi kutoka kampuni iliyouza mashine amekuja kuifunga. Anaitwa Christine. Anavaa ovaroli safi na hacheki ovyo.

Lazima nikubali, mashine ni kitu kingine. Chupa zinakuja zenyewe kwenye mkanda, zinajipanga safu. Mkono wa chuma unashuka na vikombe vya mpira kumi na viwili, kila kikombe kinanyonya kifuniko cha chupa yake, chupa zote zinapaa pamoja na kutua ndani ya katoni. Kuna jicho dogo jekundu linaloangalia kama katoni ipo. Nikainama kulitazama vizuri. Mashine ikazimika. Christine akaniomba nitoe kichwa.

Ametangaza kwamba wiki ijayo mimi na Maurice tutajaribiwa, kila mtu siku yake. Atakayefanya vizuri, Dedan atamchagua. Maurice akauliza kama hatuwezi kujaribiwa pamoja. Ajabu ya mtu huyo! Hana tamaa hata kidogo. Nilimwonea huruma, kisha nikaona nafasi.

Jumapili, 9 Machi

Sikwenda kanisani. Nilimwambia Nasipwondi, mke wangu, kwamba tumbo linanisumbua. Ukweli ni kwamba maandishi yote kwenye skrini ya mashine ni ya Kichina, nami nimeyapiga picha kwa simu. Nimeshinda nyumbani nikiyanakili ukutani kwa chaki, kila alama na kazi yake. Ile yenye kofia na miguu miwili ni kuwasha. Ile inayofanana na kibanda kilichobomolewa ni kusimamisha. Wiki ijayo Maurice atakuwa anabahatisha, mimi nasoma!

Nasipwondi alirudi kutoka kanisani akasimama mlangoni. Akauliza nimeingia dini gani. Jirani alikuwa ameshachungulia na kuondoka haraka. Hapa Sarang'ombe habari haihitaji miguu. Jioni wamama wa ushirika walikuja kuniombea, na nilishindwa kukataa. Nimeombewa wiki moja na mashine.

Jumatatu, 10 Machi

Christine amebonyeza kitu kimoja. Maandishi yote yamegeuka Kiingereza.

Jumatano, 12 Machi

Leo ilikuwa zamu ya Maurice kujaribiwa. Nilifika kabla ya wote. Nilikuwa na mafuta ya kujipaka, yale mazito ya Nasipwondi. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: nikipaka vifuniko vya chupa zote za majaribio, vikombe vitateleza, chupa zitamwagika, na Maurice ataonekana mtu asiye na mkono. Nikapaka kifuniko kimoja kimoja kwa uangalifu. Nikafuta vidole kwenye suruali.

Chupa haikuanguka hata moja!

Jana Christine mwenyewe alikuwa akiangusha mbili tatu, kwa sababu vifuniko vyetu vina mistari na hewa inapenya. Mafuta yangu yakaziba mistari. Vikombe vikashika chupa kama mtoto anavyoshika mkate. Katoni baada ya katoni, zile tulizokuwa tumezifungua mapema kwa majaribio, safi kabisa. Dedan alipiga makofi. Immaculate akapiga kigelegele. Mimi pia nilipiga makofi, ningefanya nini?

Nilikasirika mpaka sikuona njia. Na ukikasirika, mdomo unatembea peke yake. Jioni nikambishia Dedan hodi ofisini. Nikamwambia, kwa huruma tu, kwamba ni vizuri Maurice amefanya kazi nzuri, ingawa juzi nilimwona akinunua mbegu. Dedan akauliza mbegu za nini. Nikasema sukuma wiki na mahindi, mbegu nyingi. Dedan akauliza kama Maurice anarudi mashambani. Nikainua mabega. Sikusema ndiyo. Mabega yangu ndiyo yaliyosema. Dedan akashusha pumzi akasema hawezi kumfundisha mtu mashine halafu aende kulima.

Ni kweli Maurice alinunua mbegu. Alimnunulia mama yake, ambaye yuko nyumbani Siaya. Nilikuwepo, hata mimi ndiye niliyembebea mfuko. Sehemu hiyo sikuifikia.

Alhamisi, 13 Machi

Zamu yangu. Chupa kavu. Sikutaka kupaka mafuta tena, nilidhani nitaonekana. Chupa zikaanguka, nyingine zikapasuka, sakafu yote ikawa povu. Dedan aliteleza akashikilia mkanda, mkanda ukajaribu kumpakia. Nikabonyeza kitufe chekundu cha dharura, na kuanzia hapo mashine ilikataa kuwaka mpaka mchana.

Wakati wa kusafisha, Christine aliokota chupa ya jana iliyobaki. Akapitisha kidole kwenye kifuniko. Akauliza kwa sauti ni nani aliyepaka mafuta. Nikainamia povu.

Maurice ndiye aliyejibu. Alisema si yeye, na kama si yeye basi lazima ni mimi, Shivachi. Alisema mimi ndiye mwenye akili ya mbele katika meza yetu, bila shaka nilitaka majaribio yake yaende vizuri na sikutaka kujisifu. Akanishika bega mbele ya watu wote. Christine akasema mafuta hayo huharibu mpira, lakini wazo ni zuri, ataleta vikombe laini vinavyoziba vyenyewe.

Halafu Dedan akaniita pembeni na kuniambia jambo ambalo sijui nitalipeleka wapi. Kumbe Maurice alimwendea tangu Jumanne ile ya kwanza. Alimwambia kwamba mashine haijui kufungua katoni, kwa hiyo inahitaji watu wawili, na akamwomba atubakize sote. Dedan alikuwa bado anafikiria.

Mwaka jana nilipougua taifodi, Maurice alifungua, akapakia na kufunga peke yake wiki nzima, ili kiti changu kisionekane kitupu. Hapa kwetu ndivyo watu wa meza moja wanavyofanya, hakuna anayeandikiwa wala kuombwa. Mimi nimemfanyia nini? Nimemwinulia mabega.

Ningeweza kurudi kwa Dedan pale pale. Nilifika hadi mlangoni. Alikuwa kwenye simu. Nikaona nisimsumbue.

Ijumaa, 14 Machi

Nimechaguliwa! Dedan alisema mtu wa kuangusha chupa anaweza kufundishwa, ila mtu anayeondoka hashikiki. Hilo aliniambia mimi. Maurice alimwambia tu kwamba anamshukuru kwa miaka yote na anamtakia heri huko anakokwenda. Maurice akadhani ni adabu ya kawaida ya kumuaga mtu. Akamshukuru.

Alivua aproni yake, akaikunja, akaiweka juu ya meza yetu ambayo tayari ilikuwa imegeuzwa miguu juu. Akazunguka kumpa kila mtu mkono. Aliponifikia alicheka, akaniambia niichunge hiyo mashine isije ikala vidole. Nilitaka kumwambia. Nilimwambia asalimie watoto.

Njia nzima mpaka nyumbani nilijiambia kwamba nimeshinda. Sikumbuki nilipita wapi.

Jumapili, 16 Machi

Nilikuwa nimejilaza niliposikia hodi. Maurice! Amevaa shati la kanisani, ametembea kutoka Kawangware mpaka kwetu, mkononi amebeba samaki ambao Mercyline, mke wake, amewakaanga. Amekuja kunipongeza.

Nasipwondi alifurahi sana. Alipika ugali, akamwambia Maurice ndiye rafiki wa kweli, wengine wangenuna. Maurice akasema mtu hawezi kununia riziki ya ndugu yake. Alisema tangu Ijumaa anatafuta kibarua kwenye majengo ya huko Ayany na hajapata, lakini atapata. Mwanangu Ryan akamkalia mapajani, akamuuliza kama mashine ina meno.

Samaki walikuwa watamu na sikuweza kumeza. Nilisema ni mwiba. Maurice akaacha kula, akanipigapiga mgongoni mpaka aliporidhika kwamba nimepona. Nimejuta leo kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Naandika hapa kwa sababu hakuna mahali pengine pa kusema.

Jumanne, 18 Machi

Maurice alikuwa sahihi. Mashine haijui kufungua katoni. Mtu anatakiwa aisimamie upande huu na mwingine afungue katoni upande ule, bila kusimama. Nimejaribu kuwa pande zote mbili. Nilikimbia kuizunguka siku nzima. Nikifungua katoni, chupa zinasongamana kwenye mkanda. Nikienda kwenye chupa, mkono unashuka mahali pasipo na katoni na jicho linazima kila kitu. Immaculate aliniuliza kama nafanya mazoezi ya mbio za masafa marefu.

Jioni Dedan akauliza kama namjua mtu wa haraka wa kufungua katoni. Jina likatoka kabla sijalipima. Maurice! Dedan akashangaa, akauliza kwani hajasafiri. Nikasema labda safari imeahirishwa. Nikampigia Maurice simu hapo hapo. Akasema, "Shivachi, Mungu akubariki."

Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi. Nimerekebisha kila kitu, na bila kumwambia mtu neno! Kumbe inawezekana.

Jumatano, 19 Machi

Haiwezekani.

Maurice aliingia asubuhi, akaitungua aproni yake ile ile kwenye msumari wa mlango, akaivaa. Dedan alimpokea kwa furaha mlangoni, mbele yangu, akamuuliza kwa sauti kubwa, "Niaje Maurice, kwani shamba limekushinda? Shivachi aliniambia ulinunua mbegu ukitaka kurudi ocha!"

Nilijifanya naangalia kompresa, ile pampu ya hewa ya mashine. Kompresa ilikuwa imezimwa.

Maurice alinitazama, akamtazama Dedan, akanitazama tena. Kisha akasema taratibu kwamba zile mbegu zilikuwa za mama yake. Basi. Akaenda upande wa pili wa mashine, akaanza kufungua katoni. Alifungua vizuri kama kawaida, hakuchelewesha hata moja. Siku nzima hakunitupia jicho. Saa nne alikunywa chai na wale wa lebo. Chupa hazikuanguka, vikombe laini vya Christine vilishafungwa, na sijawahi kuwa na siku mbaya ya kazi kama hiyo.

Alhamisi, 20 Machi

Kimya kile kile. Nimemwambia Nasipwondi yote, au karibu yote. Aliacha kufua. Kwanza akauliza mafuta yake yako wapi. Halafu akasema, "Baba Ryan, enda kwa Maurice umwambie pole. Neno moja. Usiongeze lingine."

Anasema kweli. Najua anasema kweli. Maurice ni mtu wa kusamehe, ukimpa njia anapita. Kesho nakwenda.

Ijumaa, 21 Machi

Nimekwenda. Kutoka kazini nilimfuata kwa mbali mpaka kwake, nikasimama nje mpaka Mercyline akaniona na kunikaribisha. Maurice alikuwa ameketi na watoto. Akawatuma nje. Akanivutia kiti, akanimiminia chai, kisha akaweka mikono magotini na kungoja. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa akingoja tu nianze, na niliona kabisa kwamba angelipokea neno hilo na kulimaliza pale pale.

Nikafungua mdomo. Nikasema ni Seline.

Sijui lilitoka wapi! Nikasema Seline wa lebo ndiye aliyeanza hadithi ya mbegu, akaipeleka kwa Dedan, akanitaja mimi ili tugombane. Likishatoka moja, mengine yanafuata. Nikaeleza alivyosimama, alivyopunguza sauti, hata kitambaa alichokuwa amejifunga.

Maurice alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanikumbusha kwa upole kwamba wiki hiyo yote Seline alikuwa kwao Bumala kumzika mjomba wake, na kwamba mimi na yeye ndio tuliombebea mizigo mpaka kwenye basi.

Akaniambia ninywe chai, inapoa. Nikainywa yote. Akanisindikiza mpaka barabarani, kama mtu anavyomsindikiza mgeni, akarudi.

Nimefikiria jambo hili njia nzima na naona halijaharibika sana. Hakubisha, hakupaza sauti. Nadhani nusu ameamini. Limebaki jambo dogo tu: kesho mapema, kabla Maurice hajafika, nimpate Seline nimwombe akubali kwamba alimpigia Dedan simu kutoka Bumala.