Ombi la Kurudishiwa Mtoto Asiyejua Kuvaa Viatu

Kwa Mwalimu Mkuu,
Chekechea ya mtaani kwetu.

Mwalimu mheshimiwa,

YAH: BINTI YANGU ALIYEHARIBIKA KWA KUJITEGEMEA

Natumaini u mzima, wewe na walimu wenzako. Mimi si mzima sana, na sababu ni nyinyi.

Mimi ni yule fundi viatu mwenye kibanda mkabala na geti lenu, baba wa binti wa miaka mitatu mnayemwita Kapteni. Nilimleta kwenu akiwa mtoto wa kawaida kabisa: hajui kunawa, hajui kuvaa, akitaka maji analia, nami napata kazi ya kufanya. Mmenirudishia mtu mzima mfupi. Kutwa anaimba maneno ya mwalimu wake: "Jaribu mwenyewe kwanza, ukishindwa niite." Naomba niyapange malalamiko yangu kwa namba, maana nikiyamwaga yote kwa pamoja hasira zitanipanda.

1. Anajivalisha. Gauni mbele nyuma, kiatu cha kulia mguu wa kushoto, kisha anapita mbele ya kibanda changu kifua mbele. Mwalimu, mteja akimwona binti wa fundi amevaa viatu vilivyogombana, ataniletea vyake kwa moyo gani? Nilipotaka kumgeuzia, alikaa chini barabarani, akavivua, akavivaa upya vilevile. Tukachelewa. Yeye mlimpigia makofi, mimi mkanitolea macho.

2. Amehamishia masomo nyumbani. Siku hizi kila anayekula anapeleka sahani yake kwenye karo la kuoshea vyombo. Tangu nioe, sahani yangu ilikuwa ikiondoka mezani yenyewe, na sikuwahi kuuliza inakwendaje. Mke wangu, ambaye ni muuguzi na kazi yake ni kuhurumia watu, alicheka mpaka akashika mbavu. Kaka yangu mkubwa alipokuja kutusalimia, aliamriwa arudi mlangoni akapange viatu vyake vizuri. Hajaja tena. Hilo nimeliandika kwa sababu ni kweli, ila siwezi kusema limeniuma sana.

3. Mmemfundisha kuchagua. Nikimwambia akaoge, anauliza achague kati ya nini na nini. Juzi nilikuwa nafoka kwamba chai imepoa. Akaniambia, kwa upole kabisa, nichague: ninyamaze, au nikakae uani mpaka nitulie. Nilikwenda uani. Kibaya zaidi ni kwamba nilitulia.

4. Halii tena getini. Siku za mwanzo alikuwa anaukumbatia mguu wangu, analia mpaka mtaa mzima unajua nina mtoto. Nilikuwa nanung'unika kwamba ananichelewesha kufungua kibanda. Sasa ananipungia mkono bila hata kugeuka. Wazazi wenzangu bado wanaliliwa, wanaondoka wakijidai. Mimi nasimama pale nasubiri kilio ambacho hakiji, na mlinzi wenu ameanza kuniuliza kama nimesahau kitu. Inaniuma, mwalimu. Nasema wazi.

5. Kamba za viatu. Mlituomba wazazi tuwanunulie watoto viatu vya kubandika, visivyo na kamba, ili wavae wenyewe. Nilikaa kwenye benchi langu nikamshonea buti za kamba, zenye matundu mpaka karibu na goti, na kamba ndefu za kutosha kufungia mbuzi. Nilifanya makusudi, na ningefanya tena. Kila asubuhi anakaa kwenye kigoda, ananiwekea mguu gotini, nami nafunga taratibu huku ananisimulia alichoota. Hiyo ndiyo kazi pekee mliyoniachia. Sasa nasikia muhula ujao mnafundisha kufunga kamba. Hapo nimekataa.

Hebu fikiri mambo yanakoelekea. Leo atafunga kamba. Kesho atavuka barabara peke yake. Keshokutwa ataolewa na kijana nisiyemjua, bila shaka naye ni wa kupeleka sahani kwenye karo, na mimi nitafika harusini kama mgeni mwalikwa, nionyeshwe kiti.

Kwa hiyo naomba somo la kamba liahirishwe mpaka amalize chuo. Pili, kianzishwe kipindi cha kushindwa, ambapo watoto watakunja mikono, wataangalia viatu vyao, kisha wataita baba zao. Niko tayari kujitolea kuwa baba wa majaribio. Kibanda kiko jirani, nitasikia. Haya yakishindikana, nirudishieni mtoto niliyewaletea, akiwa na kilio chake kamili.

Wasalimie walimu wote na mpishi. Mlinzi mwambie sijasahau kitu. Mke wangu anawasalimu pia, ingawa hajui ni katika barua gani.

Mimi mzazi niliyebaki bila kazi,
Baba Kapteni, fundi viatu.

Tanbihi: Asubuhi hii, nikiwa nimeinamia barua hii, sikumwona alipokaa kwenye kigoda. Nilipoinua kichwa, buti zote mbili zilikuwa zimefungwa. Fundo baya, kubwa kama kitunguu, lakini nililivuta kama fundi na halikuachia. Akanitazama usoni, akafungua buti moja, akaniwekea mguu gotini. Kisha akaniambia nijaribu mwenyewe kwanza, nikishindwa nimwite. Mwalimu, nilishindwa, kamba zilikuwa hazionekani kwa machozi. Nikamwita. Somo la kamba liendelee, na kama kuna nafasi nyuma ya darasa, nitakuja na kigoda changu.