Mashimo Arobaini na Matatu ya Babu Kiliani

Jumatatu, 8 Julai 2024

Nimegundua ukuta. Mimi, Cletus Kinunda, mzaliwa wa Litembo, mkwe wa kijiji hiki cha kando ya ziwa kwa miaka ishirini na sita. 

Mambo yalianza jana mkutanoni. Mtendaji wetu wa kijiji, dada Jacqueline, alitangaza kuwa Ijumaa anakuja Afisa Utamaduni kutoka wilayani. Anakuja kukagua mahakama ya zamani, lile gofu lililo juu ya mwalo, pale mitumbwi inapoegeshwa. Likimpendeza, litahifadhiwa, na mtunzaji atateuliwa. Jina la mtunzaji litaandikwa kwenye kibao. Lisipompendeza, mawe yake yatajengea vyoo vya soko.

Kibao! Miaka ishirini na sita naitwa shemeji wa milimani. Hata mbuzi wa hapa wananiona mgeni. Nataka kibao kile kuliko ninavyotaka kwenda mbinguni, Mungu anisamehe.

Mpinzani ni mmoja. Mwalimu Nathanieli, mstaafu, kaka wa mke wangu Serafina. Nasikia ameshapiga pasi koti.

Kwa hiyo leo asubuhi nimeingia gofuni na panga. Paa hakuna. Upupu upo, umenipata shingoni na mahali pengine nisipopataja. Nikafika chumba cha mwisho. Kidogo, mlango mmoja, dirisha moja la juu kabisa lenye upana wa kiganja. Bila shaka ni ofisi ya mtu mzito, asiyetaka kuchunguliwa. Nikavuta mitambaazi ukutani. Nikaona herufi zimechongwa kwenye lipu: KILIANI KINUNDA.

Babu yangu, mzaa baba!

Chini ya jina, visanduku. Vimepangwa kwa mistari, kila kimoja kimekatwa mkato kona hadi kona. Nimehesabu arobaini na tatu. Cha mwisho tu hakina mkato. Mmatengo gani asingevijua? Ni ngolo. Mashimo yetu ya mlimani, yale ya mraba yenye matuta pande zote, yanayoshika maji ya mvua udongo usiteremke. Babu alichora ramani ya shamba ukutani mwa ofisi yake. Maana yake babu alikuwa bwana shamba wa serikali. Maana yake watu wa ziwani walifundishwa kulima na Kinunda.

Serafina ameuliza mbona sijawahi kumtaja babu huyo. Nimemjibu kuwa wakubwa hawatajwitajwi.

Jumanne, 9 Julai

Nimefunga kamba mlangoni mwa gofu. Mambo ya urithi yanataka utaratibu. Anayetaka kuona ukuta wa babu alete sahani moja ya usipa, dagaa wa ziwa hili, mbichi au wa kukausha, sibagui.

Wamekuja watu sita. Wanne ni ndugu wa Serafina, wameingia bure wakidai ni ukwe. Wa tano alileta sahani, akaondoka nayo kwa sababu aliona nyoka. Wa sita ni Nathanieli, na daftari lake. Nikamwambia shemeji, sahani. Akasema hana. Nikamwambia basi hapiti mtu. Akanitakia asubuhi njema, akazunguka nyuma, akaingia. Nyuma hakuna ukuta. Ulianguka zamani.

Nimesahau kuufikiria upande ule.

Amekaa ndani nusu saa akiandika. Alipotoka akasema taratibu, kwa ile sauti ya kusahihisha mitihani, kwamba hapa kwetu ni mchanga mtupu na mihogo, na hajawahi kusikia mtu amechimba ngolo kwenye mchanga. Nikamwambia ndiyo maana babu alihitajika.

Jibu zuri. Nimelifikiria mchana kutwa na bado ni zuri.

Jumatano, 10 Julai

Leo nimeamua kuwaonyesha. Afisa akifika Ijumaa akute ngolo hai uani mwa mahakama, chini ya mchoro wa babu. Nani atabisha?

Nimefyeka nyasi, nimezilaza kwa mistari ya kukatana, mraba kwa mraba, kama baba alivyonifundisha. Kwetu mwanaume analaza nyasi, mwanamke anachimba na kufukia. Nikamwita Serafina na jembe. Serafina akasema yeye ni Mnyasa, mama yake hakuchimba shimo isipokuwa la kaburi na la choo, na kwamba nikitaka nichague mojawapo.

Nikachimba mwenyewe. Shimo la kwanza lilijifukia. La pili lilijifukia pamoja na kandambili yangu. Kabla ya la tatu upepo wa mwera ulianza kuvuma, na mbuzi wa Nathanieli wakaja wakala nyasi zote nilizolaza. Nasema wa Nathanieli kwa sababu walikula kwa mpangilio.

Upupu haujaisha.

Alhamisi, 11 Julai

Siku njema! Nimepata shahidi.

Bibi Tadea ni mzee kuliko wote kijijini, na baba yake alikuwa mpishi pale mahakamani. Nimemwendea na kilo ya sukari. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamuuliza kama alimfahamu Kiliani Kinunda wa Litembo. Akasema alimfahamu vizuri sana. Alikuwa msichana mdogo, na yeye ndiye aliyekuwa akimpelekea ugali mle chumbani, mchana na jioni, kila siku.

Kila siku! Ugali hadi ofisini! Nikamuuliza kama babu alikuwa mtu wa kutembeatembea au wa kutulia kazini. Akasema alitulia. Hakutoka kabisa. Halafu akacheka mpaka akakohoa, ikabidi apewe maji. Uzee.

Nimemwomba aje kesho ayaseme hayo mbele ya afisa. Akasema hatakosa hata kama ni kwa kubebwa.

Jioni nimepita mbele ya nyumba ya Nathanieli polepole, mara mbili.

Ijumaa, 12 Julai

Sijui nianzie wapi.

Afisa alifika saa nne. Kijana mpole, anaitwa Aidan. Kijiji kizima kilikuwepo. Nathanieli alisoma daftari lake, mwaka huu na mwaka ule, watu wakapiga miayo. Ikawa zamu yangu. Nilizungumza vizuri, nakiri mwenyewe. Nikawaonyesha jina. Nikawaonyesha ngolo arobaini na tatu. Nikaeleza kuwa lile lisilo na mkato ni shamba jipya lililokuwa bado kupandwa. Afisa akawa anaandika. Nikamkaribisha shahidi wangu.

Bibi Tadea akaletewa kigoda. Akayarudia yote ya jana, neno kwa neno. Ugali, mchana na jioni. Hakutoka kabisa. Kisha akaongeza ambayo sikumuuliza. Kwamba kile chumba kilikuwa mahabusu. Kwamba wafungwa walichora kisanduku kila jua likichomoza, na kukikata likizama. Kwamba babu yangu alikaa humo siku arobaini na mbili, na ya arobaini na tatu akatolewa kabla ya mchana.

Nikasikia mawimbi kule mwaloni. Afisa akauliza kwa upole, kosa lake lilikuwa nini.

Bibi akasema Kiliani aliteremka kutoka Litembo kuuza maharage, wala hakuwa na kazi yoyote serikalini. Aliona watu wengi wanangoja kumwona jumbe, mwamuzi wa kesi za pale. Akafunga kamba mlangoni mwa mahakama. Akawaambia hapiti mtu bila kuku.

Watu wote, mmoja mmoja, waligeuka wakaiangalia kamba yangu.

Niliona aibu. Naandika wazi kwa kuwa hakuna atakayesoma. Aibu ya kuwaka masikio. Mtendaji aliniuliza kama nina la kuongeza. Nikaenda kufungua kamba. Nathanieli ameteuliwa mtunzaji.

Jumamosi, 13 Julai

Sikutoka. Nimemwambia Serafina ni malaria. Akaniletea ugali chumbani, mchana na jioni, na mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Alasiri Nathanieli alipiga hodi. Nilitegemea aje kucheka, nikawa nimeandaa majibu matatu. Hakucheka. Hilo liliniuma zaidi. Alikaa kitandani, akasema afisa amekubali, mawe hayaendi kwenye vyoo. Na kilichomkubalisha si daftari. Ni ukuta. Afisa alimwambia magofu ameyaona mengi, lakini siku za mtu zilizohesabiwa kwa mkono wake mwenyewe alikuwa hajaziona. Nathanieli akasema yeye kapita pale tangu utotoni na hakuwahi kuvuta ile mitambaazi.

Akasimama kuondoka. Kisha akasema, "Shemeji, bila wewe tungekuwa tunakojoa juu yake."

Nimelia kidogo alipoondoka. Kisha nikaomba ugali wa nyongeza.

Jumanne, 16 Julai

Malaria imepona.

Kibao kimefika kwa bodaboda kutoka Liuli. Juu: Mahakama ya Zamani. Katikati, kwa herufi nene: CHUMBA CHA KILIANI KINUNDA. Chini, kwa herufi ndogo sana: Mtunzaji, N. Nimesoma mara kumi na moja. Kinunda katikati, kando ya ziwa, kwenye bati! Watoto wa hapa watalisoma jina letu wakienda shule. Nani mgeni sasa? Familia yetu ilikaa serikalini siku arobaini na mbili mfululizo, kwa chakula cha serikali. Nathanieli ana nani?

Na nimemwelewa babu. Nimefikiria kwa makini, kosa lake limenikaa wazi. Alifunga kamba mlangoni. Mlangoni kila mtu anaona. Ilitakiwa aifunge kwenye njia, kabla ya mlango.

Kwa hiyo leo asubuhi nimefunga kamba kwenye njia ya kupandia kutoka mwaloni. Na upande wa nyuma pia, maana mimi hujifunza. Usipa sahani moja, au kuku kwa wanaotoka mbali.

Saa tano Mtendaji Jacqueline amekuja na mgambo wawili. Amesema ni mara ya mwisho anaongea kwa mdomo. Nikifunga kamba tena nitalala ndani, na asitafutwe mtu wa kuniombea.

Nimemwuliza kama naweza kuchagua chumba.

Amedhani natania. Lakini kile kisanduku cha mwisho babu alikiacha bila mkato, na pembeni yake lipu ni nzima, inatosha safu nne za visanduku. Nimeshanoa msumari.