Posa Iliyofungiwa Ndani ya Chapu Smati

Redio ya Blandina muuza kahawa haijamaliza hata taarifa, kijiwe cha Ilomba kikalipuka.

"Oya Dijitali, umesikia? Chapu Smati imekata kamba!" Sosthenes, wanayemwita Bunge kwa sababu hata mtu akipiga chafya yeye anachangia hoja, alisimama na kikombe mkononi. "Miezi minane tu sokoni! Kampuni imezima mitambo, simu zake zote zinajifunga leo!"

Asukile, ndiye Dijitali mwenyewe, kahawa ikampalia. Masikini wa Mungu, Chapu yake wala haikuwa mfukoni. Ilikuwa Rujewa kwa baba wa mchumba wake Joyness, imekwenda posa! Wenzake hupeleka barua kwenye bahasha. Yeye akasema barua ni ushamba, akajirekodi video ya kuomba binti, akamkabidhi mshenga simu nzima nzima.

"Si ulisema ina kamera tatu?" Blandina akauliza.

"Mbili stika," akajibu Vitus, mshenga mwenyewe, maarufu kama Askofu kwa upole wake wa uongo. "Moja ilibanduka tulipofika Igawa."

"Na hukuniambia?"

"Ningeanzia wapi, kaka? Ulishapima suti!"

"Umepigwa, mwanangu!" Bunge akadakia. "Bahasha umeona wapi ikidai chaji?"

Asukile hakucheka. Wiki ya tatu sasa hali wala halali, anangoja jibu. "Jamani, yule binti nampenda," akasema.

Simu ya Vitus ikaita, namba ngeni. Akaweka spika, sauti ya mzee ikaita, "Haloo!"

"Shikamoo, baba," Vitus akaitikia.

"Marahaba. Mzee Isaka hapa, baba yake Joyness, natumia simu ya jirani. Ile yenu tangu asubuhi haiwaki. Na ukoo tulikaa jana, jibu tumeshatoa."

Asukile akampokonya Vitus simu. "Mzee wangu, mmekubali au mmekataa?"

"Taratibu, kijana. Jibu la posa kwetu halisemwi hivi hivi hewani, linarudi kwa njia ile ile iliyoleta posa. Mngeleta barua, tungewaandikia. Mmeleta video, basi na sisi tumejirekodi, ukoo mzima, mpaka bibi kavaa kitenge kipya. Limo humo humo kwenye simu yenu. Njooni mlichukue, na fundi mje naye."